Rangi Mwisho: Kufufua Tela Kuukuu Kuanzia Chasi

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Shinyanga, ukaziacha Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na Mkolani, unaingia Buhongwa, na hapo gereji zinaanza kukupokea moja baada ya nyingine. Nyingi hazina ukuta wala kibao. Mti wa kivuli, mtungi wa gesi, mashine ya kuchomelea na gari lililoinuliwa juu ya magogo vinatosha. Katika mojawapo, nyuma ya Fuso lililochomolewa injini, nimekuwa nikiitazama tela ndogo ya magurudumu mawili. Ni tela ya sanduku, ya aina iliyokuwa ikivutwa na Land Rover enzi za miradi ya vijijini. Imekaa juu ya mawe, gurudumu moja halipo, na ndani ya sanduku umeota mpapai.

Mwenye tela ni kijana anayeendesha watalii. Aliachiwa na baba yake mdogo, naye anataka kuigeuza chumba cha kulala porini: bodi yenye umbo la tone la maji lililolala ubavu, mlango mdogo pembeni, ndani godoro la futi nne, na nyuma mfuniko unaoinuka na kufichua jiko. Picha aliiona kwenye simu. Fundi alipoonyeshwa aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Hii ya chipsi, bosi?"

Hakuwa anatania. Buhongwa, sanduku lenye magurudumu na jiko nyuma ni biashara, na swali lake nitalirudia.

Kila anayepita pale ana ushauri, na ushauri wote unaangukia mafungu matatu. Wapo wanaosema ipelekwe kwenye mizani ya skrepa ikawe nondo. Wapo wanaosema inyooshwe, ipigwe puti na rangi, mpapai ung'olewe, kazi iishe ndani ya wiki. Na wapo wachache, kwa kawaida wazee waliowahi kufanya kazi kwenye karakana za serikali au misheni, wanaosema ivuliwe yote ibaki chasi, ianzwe upya kutoka chini. Mimi niko na wazee hao, ingawa si kwa kila tela.

Umbo lile la tone lina historia ambayo mtu wa Buhongwa anaielewa upesi kuliko anavyodhani. Lilishamiri Marekani miaka ya 1930, zama za mdororo wa uchumi, na halikutoka viwandani peke yake. Majarida ya mafundi wa nyumbani yalichapisha michoro, na mtu mwenye msumeno na uvumilivu aliijenga tela yake mwenyewe uani. Tela nyingi zilikuwa na upana wa futi 4 na urefu wa futi 8. Vipimo hivyo vilitokana na karatasi ya plaiwudi, inayouzwa kwa futi 4 kwa 8, na ndiyo karatasi ileile utakayoikuta duka lolote la mbao Mwanza leo. Fundi wetu, anayepima kwa futi na inchi hata kama darasani alifundishwa mita, anaweza kuusoma mchoro ule bila mkalimani.

Vita vya pili vilipokwisha mwaka 1945, Wamarekani walikuwa na alumini na magurudumu ya jipu yaliyobaki jeshini, na vyote vikaishia kwenye tela hizo. Upande wa pili wa bahari, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, lakini alumini ya viwanda vya ndege ilikuwepo. Ndiyo maana Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, ilivalishwa bodi ya alumini. Kwa hiyo tela ya kwenye simu na gari lililoivuta tela ya Buhongwa vimelelewa na hali moja: mabaki ya vita yaliyotafutiwa kazi.

Land Rover hiyohiyo ndiyo mfano bora wa hoja yangu. Bodi yake haishiki kutu kama bati. Unaweza kuikuta imekaa uwanjani kwa mzee fulani Misungwi, imechubuka na kubonyea, lakini nzima. Uiname sasa utazame chini. Chasi yake ni chuma, na chuma kimeliwa. Wengi walinunua Land Rover kwa kuamini macho yao, wakagundua baadaye kwamba wamenunua shati jipya lililovalishwa mgonjwa. Tela kuukuu ni hivyohivyo. Kinachoonekana hakikuambii chochote kuhusu kinachokibeba.

Kutu ina tabia zake. Chasi ya boksi, yaani ile iliyoundwa kama mrija wa pembe nne, huoza kutoka ndani. Tope huingia kupitia matundu, hukaa, hushika unyevu, na wakati uvimbe unaonekana nje, ukuta wa ndani umeshabaki kama karatasi. Chasi ya mfereji, iliyo wazi upande mmoja, huchafuka zaidi lakini huoza taratibu kwa sababu inakauka. Palipokutana alumini na chuma pakapata maji, alumini ndiyo inayolipa: inageuka unga mweupe kuzunguka kila ribeti.

Mahali nako kuna mchango. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo chuma cha Mwanza kina nafuu kuliko cha Tanga au Unguja, ambako upepo wenyewe unakula vyuma. Lakini nafuu hiyo isikudanganye. Magari mengine tunayoagiza Japani yameendeshwa kwenye barabara za theluji zinazomwagwa chumvi, yakafika hapa na kutu changa chini ya sakafu safi. Na tela, maskini, haichagui mzigo. Iliyobeba mbolea ya chumvichumvi msimu baada ya msimu, au samaki wa chumvi kutoka visiwani, imekula chumvi nyingi bila kuiona bahari.

Kipimo cha kwanza ni nyundo ndogo na chaki. Siku niliyoshuhudia, fundi alilala chali kwenye kipande cha boksi la jokofu, akaanza kugonga kuanzia ulimi wa tela kwenda nyuma, kila baada ya upana wa kiganja. Chuma kizima hulia, sauti ikabaki hewani kidogo. Kilichooza hujibu kama debe lenye mchanga. Kila paliponyamaza aliweka alama ya chaki. Alipomaliza zilikuwa alama saba, nne zikiwa pale springi zinaposhikana na chasi. Hakusema kitu, alinionyesha tu kidole chake kikiwa kimepita upande wa pili wa chuma.

Hapo ndipo penye uamuzi wote. Kutu katikati ya boriti ni kiraka. Kutu kwenye mashikio ya springi, pande zote mbili, ni jambo jingine, kwa sababu ndipo mzigo wote na kila shimo la barabara hupigia.

Ukiamua kuendelea, mpangilio wa kazi una uzito kuliko ustadi wa mkono. Kwanza picha, na vipimo vimeandikwa kwenye daftari, maana bodi ikishatoka hakuna atakayekumbuka mfuniko ulikaa wapi. Kisha kamba, kutoka kona hadi kona kwa mshazari, halafu mshazari wa pili. Zikilingana, fremu imenyooka. Zikipishana, imepinda, na ukijenga juu yake mlango hautafungika milele. Kisha, kabla ya kukata chochote, fremu ifungwe kwa vyuma vya muda ili isijinyonge. Weldingi huvuta chuma kinapopoa. Anayechomelea upande mmoja mpaka mwisho ndipo aende wa pili hupata fremu iliyojikunja kama mkate uliosahaulika juani. Kidogo huku, kidogo kule, chuma kipoe: ndivyo inavyofanyika.

Kiraka chenyewe kina siri. Ukikata bati la mraba ukalichomelea kwa mstari uliosimama kuikata boriti, umetengeneza mstari ambao ufa utaufuata. Wenye ujuzi hukata ncha za kiraka kwa mshazari, kama umbo la almasi, ili nguvu isikutane na weldingi yote kwa wakati mmoja. Haionekani tofauti kwa mteja. Baada ya miaka miwili ya barabara ya vumbi huonekana.

Baada ya hapo ni kusugua mpaka chuma cheupe, kupaka rangi ya dawa siku hiyohiyo kabla unyevu wa usiku haujakigusa, na kushughulikia ndani ya boksi. Wengi hapa humwaga oili chafu. Inachafua udongo, na kwa hilo sipendi, lakini kwa kutu inafanya kazi. Grisi au nta iliyoyeyushwa ni bora. Asiyeamini nguvu ya mafuta yaliyofichwa aikumbuke meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipoizamisha meli hiyo Julai 1916, ikiwa bado inaitwa Graf von Götzen, wahandisi waliipaka mitambo yake grisi nzito kabla ya kuiacha iende chini. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina jipya. Miaka minane tangu izamishwe, na mitambo ilifaa kufanyiwa kazi.

Sehemu nyingine zinakwenda haraka. Ekseli ya zamani inaweza kubaki kama haijapinda, lakini beringi zake mara nyingi ni za vipimo vya inchi na kuzipata ni kazi. Kwa maoni yangu ni busara kuchukua ekseli ya nyuma ya gari dogo lililovunjwa, ya aina ileile ya gari litakalovuta tela, ili bolti ziwe sawa na tairi moja ya akiba itumike kote. Wamarekani walifanya hivyo na magurudumu ya jipu. Jambo la kuangalia ni ekseli ikae wapi. Isikae katikati kabisa, iwe nyuma kidogo, ili ulimi uelemee gari kwa asilimia kama 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Ukiwa mwepesi, tela huanza kucheza mkia kwenye mteremko, na mkia ukishaanza dereva hana la kufanya zaidi ya kuomba. Kupima hakuhitaji maabara: ulimi unawekwa juu ya mizani ya magunia.

Kuhusu bodi, ujuzi wa Mwanza ni mwingi kuliko wenyewe wanavyojua, ila umetawanyika na haukutani. Paa lililopinda kama mgongo wa tone halifanani na nyumba. Linafanana na mtumbwi. Fundi wa mitumbwi pale Mwaloni au Igombe anajua kuukunja ubao bila kuuvunja, na anajua kwamba maji hayaingii kwenye ubao, huingia kwenye maungio. Waunda masanduku ya magari ya kusafirishia sangara wanajua ukuta wa tabaka mbili wenye povu katikati unaozuia joto. Kule Makoroboi, mtaa uliopewa jina na taa za koroboi, bati chakavu limekuwa likipata kazi ya pili kwa miaka mingi. Watu hao wanne, wa chasi, wa ubao, wa povu na wa bati, wakikaa chini ya mti mmoja kwa wiki mbili, tela ya kwenye simu ingekuwa kazi nyepesi. Hawakai, kwa sababu hakuna anayewalipa kukaa.

Hili la malipo ndilo kiini, na nitalikalia kidogo.

Tukisikia gari limepigwa puti juu ya kutu, tunamlaumu fundi. Tutazame basi anavyolipwa. Mteja analeta gari na pesa ya awali isiyofika mbali. Siku ya tatu anapita, anakuta tela imekuwa mifupa, chini kumesuguliwa, juu hakuna kitu. "Fundi, mbona hata rangi hujagusa?" Fundi anaeleza habari ya boriti, mteja anasikia habari ya kuongezewa bei. Siku ya tano simu. Siku ya saba mteja anakuja na shemeji yake anayejua magari. Fundi mwenye njaa na mwenye akili atafanya nini? Atapiga puti, atapaka rangi inayong'aa, mteja atapiga picha, na wote watafurahi hadi Lamadi, njiani kwenda Musoma. Soko letu hulipia jicho. Kazi ya chini ya tela ni kazi ya siku nyingi isiyopigwa picha, na asiyeweza kuionyesha hawezi kuidai.

Njia moja niliyoiona ikifaa ni kugawa malipo kwa hatua, na kila hatua mteja alale chini mwenyewe agonge. Chasi ikiwa imevuliwa, awamu ya kwanza. Ikiwa imechomelewa na kamba imepimwa mbele yake, ya pili. Ikiwa imepakwa dawa, ya tatu. Rangi iwe mwisho, na iwe na fungu dogo. Mteja aliyeshika nyundo mara moja hamsumbui fundi tena kuhusu rangi.

Kama mtu anadhani hayo ni mambo ya tela ndogo, aende bandari ya Mwanza South. Meli ya MV Victoria ilijengwa Glasgow na kampuni ya Yarrow, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Mwaka 2014 ilisimama. Kwa miaka kadhaa wakazi wa Mwanza na Bukoba waliitazama ikiwa kama tela yetu, bila mpapai. Mkataba wa kuikarabati ulisainiwa mwaka 2018, kwa zaidi ya shilingi bilioni 22, na mwaka 2020 ikarudi kwenye safari za Bukoba ikiwa na uwezo wa abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Injini zilibadilishwa, mifumo ikabadilishwa, umbile lake likabaki. Palijengwa meli mpya kabisa ya MV Mwanza jirani yake, na pia chelezo cha kuzipandishia meli nchi kavu. Ninachokiona cha maana zaidi kati ya vyote ni hicho chelezo. Bila mahali pa kuiinua meli na kuitazama tumbo, ukarabati ungekuwa rangi juu ya maji. Buhongwa pia, gereji yenye shimo la kukagulia au winchi ya kuinulia ndiyo gereji yenye uwezo wa kusema ukweli.

Tuje kwenye sheria, ambayo wengi huikumbuka siku ya kusimamishwa na trafiki. Tela husajiliwa na kupewa namba yake yenyewe, tofauti na ya gari linaloivuta. Ina taa zake za nyuma, za breki na za kuashiria kona, na viakisi mwanga. Utambulisho wake ni namba ya chasi, na hapo kuna mtego: fundi asiyejua, akiona kipande cha mbele cha ulimi kimeoza, anakikata na kukitupa pamoja na namba. Umebaki na tela nzuri isiyo na jina. Mwenye kadi na namba inayosomeka ana mali. Asiye na kadi wala namba ana vyuma, na afadhali ajenge mpya aisajili kama mpya kuliko kuanza kutengeneza ukoo wa uongo.

Basi ni lini kufufua ni ujinga? Pale boriti zote mbili zimekwisha kwenye mashikio ya springi. Pale karatasi hazipo. Pale anachohitaji mtu ni kulala tu, maana hema la juu ya gari humtosha na halina beringi. Na pale ambapo baada ya kubadilisha boriti, ekseli, ulimi na bodi kitakachobaki ni sahani ya jina. Chasi mpya ya paipu za pembe nne haina gharama ya kutisha, na kuiita mpya si aibu. Nina shaka na wale wanaobadilisha kila kitu kisha wakadai ni ya mwaka 1950.

Tela ya Buhongwa iko mpakani. Mashikio manne yameoza, lakini boriti zenyewe ni za mfereji, nene, na katikati zinalia vizuri. Kadi ipo. Hukumu yangu ni ifufuliwe: mashikio mapya, ulimi ubaki ulivyo, ekseli ibadilishwe. Safari zake zipo. Barabara ya Musoma inaipeleka mpaka lango la Ndabaka, ambako Serengeti inakaribia ziwa. Na upande wa magharibi, tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe mwaka 2025, tela haikai tena foleni ya kivuko kuelekea Geita na Chato.

Na swali la fundi? Kijana alilichukulia kama dharau. Mimi naona ndilo hesabu bora iliyofanywa pale. Mtalii haji kila wiki, lakini siku za mnada wafanyabiashara wa ng'ombe hula na kulala chini ya malori. Tela yenye godoro mbele na jiko nyuma ina wateja wawili, na chasi itakayobeba sufuria za mafuta ya moto haiwezi kuwa ya puti.

Kwa msomaji mwenye tela nyuma ya nyumba: kabla hujampigia simu mnunuzi wa vyuma chakavu, chukua brashi ya waya na mafuta ya taa, usugue ulimi na boriti za mbele pande zote mbili mpaka namba itokee, uinakili. Kisha ndipo utafute nyundo.